Mpaka Ulioikuta Taveta Sokoni

Kuna hadithi ambayo wageni husimuliwa pande zote mbili za Kilimanjaro, kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, siku ya kuzaliwa kwake, na kwamba ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania, unaotoka baharini ukiwa umenyooka, hujipinda unapofika mlimani. Hadithi hii ni tamu lakini haina ukweli. Makubaliano yaliyoigawa nchi hii yalifikiwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa Oktoba 1886, wakati Wilhelm hajatawazwa, na hayataji zawadi yoyote. Yanasema tu kwamba mstari utaanzia kwenye mlango wa Mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ulizunguke ziwa hilo kwa mashariki na kaskazini, uvuke Mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta, ambayo leo iko Kenya, na nchi ya Uchaga, ambayo leo iko Tanzania, kabla ya kuuzunguka mlima kwa kaskazini na kuelekea Ziwa Victoria. Mstari wenyewe ulikuja kupimwa na kurekebishwa baadaye, na leo unalikata Ziwa Jipe, lakini maneno hayo machache, "katikati ya Taveta na Uchaga", ndiyo yaliyoipa Taveta hatima yake.

Wanadiplomasia wa London na Berlin waliyaona maneno hayo kuwa na maana kwa sababu kila upande ulikuwa na karatasi mkononi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amejipatia ardhi Taveta kwa makubaliano na wenyeji, na mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke, mshirika wa Carl Peters, mwanzilishi wa ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, alitia saini mikataba na watawala wa Uchagani, akiwamo Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara. Karatasi hizo ndizo zilizoamua nani awe wa nani. Hakuna aliyeuliza maji ya Lumi yanatoka wapi na yanakwenda wapi, wala mke wa fulani alitolewa katika ukoo gani, wala ndizi za Taveta zililiwa na nani.

Nalianza jambo hili mbali kwa sababu mijadala mingi kuhusu jamii za mpakani huzichukulia kama watu waliozaliwa na mpaka, kana kwamba kabla ya forodha hapakuwa na kitu ila pori. Ukweli ni kwamba mpaka uliikuta Taveta iko sokoni tayari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda bara, ikiwinda pembe za ndovu, ilipumzika katika msitu wa Taveta kandokando ya Lumi baada ya kuivuka nyika kavu isiyo na maji ya kutosha. Humo walipata ndizi, mahindi, viazi vitamu na samaki, walishona shanga zao upya kwa mitindo iliyopendwa huko mbele, walitibu wagonjwa, na wakangoja habari za njia. Msitu ulikuwa mnene na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye malango ya magogo, hivi kwamba hata Wamaasai waliokuwa wakiogopwa nyikani hawakuona faida ya kuushambulia. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 na akaondoka akiwasifu wenyeji kwa ukarimu na uaminifu wao. Wataveta hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na kwa utaratibu wa rika. Utajiri wao ulikuwa uwezo wa kumpokea mpita njia bila kumwuliza ni wa nani.

Jamii ya namna hiyo inapowekewa mpaka, kwanza huutumia. Mwaka 1892, utawala wa Kijerumani ulipozidi kuibana misheni ya Kianglikana iliyokuwa Moshi, wamisionari wake wakiongozwa na Alexander Steggall walihamia Taveta, umbali wa takriban kilomita 40, na kuanzisha kituo kilichokuja kuchapa hata jarida lake mwishoni mwa karne hiyo. Moshi ikachukuliwa na Walutheri wa Leipzig. Hadi leo mtu akitembea kutoka Taveta kwenda Uchagani huvuka mpaka wa madhehebu pamoja na ule wa nchi, na chanzo chake ni uamuzi huo mmoja. Taveta ilipata shule na kanisa mapema kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umefungiwa mlango. Ni mfano mdogo, lakini umejirudia kwa sura nyingine mara nyingi: kinachokatazwa upande mmoja huota mizizi upande wa pili, hatua chache kutoka pale kilipong'olewa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hapa mapema kuliko mahali pengi. Tarehe 15 Agosti 1914 majeshi ya Kijerumani yaliiteka Taveta, na yaliishikilia hadi Machi 1916. Februari mwaka huo askari wa Afrika Kusini walishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata ndipo mapigano ya vilima vya Latema na Reata yalipoifungua njia ya kwenda Moshi. Makaburi ya wanajeshi yapo mjini Taveta, yametunzwa vizuri, yana majina. Wapagazi Waafrika waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakiwa wamebeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, kwa sehemu kubwa hawana makaburi wala majina. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Reli ya kutoka Voi, iliyojengwa haraka kwa ajili ya vita hivyo, ilivuka mpaka na kuungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Naona jambo la kusikitisha hapo: kiungo imara kuliko vyote baina ya pande hizi mbili kilijengwa ili kupeleka mizinga.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na kwa takriban miaka 40 mpaka ulipungua uzito. Mtawala alikuwa mmoja, shilingi ilikuwa moja, ushuru ukaunganishwa. Hata hivyo kipindi hicho kinachokumbukwa kwa wepesi wa kuvuka ndicho kilichoitia Taveta jeraha ambalo halijapona, nalo ni la ardhi. Sehemu kubwa ya tambarare yenye maji iligeuzwa mashamba ya mkonge ya walowezi. Aliyejulikana kuliko wote ni Ewart Grogan, mtu aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, ambaye jumba lake bado limesimama juu ya kilima likiitazama nchi aliyoimiliki. Uhuru ulipokuja mashamba hayo yalibadilisha wenyewe, lakini kwa sehemu kubwa yalibaki kuwa mashamba makubwa, na wazawa wengi wakabaki maskwota kwenye nchi ya babu zao. Ukiongeza kwamba zaidi ya nusu ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta limo ndani ya mbuga za Tsavo, ambako ndovu hutoka na kuingia mashambani wapendavyo, utaelewa kwa nini mtu wa Taveta amelazimika kuishi kwa biashara hata pale ambapo udongo wake ungeweza kumlisha.

Upande wa pili hali ilikwenda njia nyingine. Warombo, kama Wachaga wengine, waliendelea na kihamba, shamba la familia la migomba na kahawa linalorithiwa mlimani, pamoja na shamba la mahindi na maharage chini kwenye tambarare. Kihamba hugawanywa kila kizazi na kila kizazi hupungua, hivyo vijana husukumwa kushuka. Na wanaposhuka hukutana na mpaka. Kwa hiyo pande mbili zinakutana kwenye tambarare hiyo zikiwa na mahitaji yanayokamilishana, mmoja akihitaji chakula na mwingine akihitaji soko. Hakuna serikali iliyopanga hivyo.

Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Shirika la pamoja la ndege lilikuwa limevunjika, nchi zilikuwa zinabishana kuhusu madeni na mali, na siasa za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimeachana tangu Azimio la Arusha la 1967. Katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Historia za jumuiya hiyo hueleza vizuri ugomvi wa mashirika, magari ya moshi na ndege. Hazielezi vya kutosha maana ya kufungwa huko kwa familia ambayo shangazi yake anaishi Holili, upande wa Tanzania, na shamba lake liko Taveta, mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, karibu miaka saba. Mtoto aliyezaliwa siku ulipofungwa alikuwa ameanza shule ulipofunguliwa.

Kufungwa huko hakukuikata biashara. Kuliihamisha kutoka mchana kwenda usiku. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na madukani kukawa hakuna sabuni, sukari, mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Vitu hivyo vilikuwapo Taveta. Njia za panya, ambazo zamani zilikuwa vijia tu vya kwendea kisimani au msibani, zikapata thamani mpya, na neno magendo likawa sehemu ya msamiati wa kila nyumba. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilipoanzisha msako dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi na walanguzi, walionaswa mijini wakiwa na mifuko ya bidhaa walikuwa mwisho wa mnyororo ambao mwanzo wake ulikuwa kwenye vijia kama hivyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mpaka uliofungwa huwaumiza wote sawasawa. Biashara ya mchana humruhusu mwanamke mwenye kikapu kimoja kushindana na mwenye gari, kwa sababu bei iko wazi na njia ni ya kila mtu. Biashara ya usiku humpa nafasi yule mwenye nguvu za kubeba gunia akikimbia, mwenye kujuana na askari, na mwenye mtaji wa kupoteza mzigo mmoja kati ya mitatu bila kufilisika. Mwenye kikapu kimoja hawezi kupoteza hata kimoja. Kwa hiyo kila serikali inapofunga mpaka kwa kusudi la kuwakomesha walanguzi, huwa inawaondolea walanguzi washindani wao wadogo. Naamini hili ndilo somo la miaka ile saba ambalo ofisi za mipango bado hazijalisoma.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Kwa macho ya msafiri, mabadiliko ni makubwa. Barabara ya lami inakwenda kutoka Voi hadi Taveta na kuendelea Moshi na Arusha, kwa sehemu kubwa ikiwa imejengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2016 kilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa katika jengo moja na msafiri anasimama mara moja badala ya mara mbili. Lori lililokuwa likilala mpakani sasa linaweza kuondoka siku hiyo hiyo. Ni maendeleo ya kweli, na sina sababu ya kuyadharau.

Lakini kituo hicho kimejengwa kwa kipimo cha lori. Soko la Taveta, ambalo siku zake kuu ni Jumatano na Jumamosi, halina kipimo hicho. Linapimwa kwa mkungu wa ndizi, debe la maharage, tenga la nyanya, bunda la mitumba na gunia la vitunguu juu ya bodaboda. Jumuiya ina utaratibu mwepesi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha uasili na hazilipi ushuru wa forodha. Utaratibu ni mzuri. Tatizo ni kwamba msamaha huo unahusu ushuru huo peke yake. Vibali vya afya ya mimea, ukaguzi wa viwango, kodi za ndani na tozo za soko vinabaki, na kila kimoja kina dirisha lake, fomu yake na ada yake. Mama mwenye tenga mbili za nyanya huyapima hayo yote kwa muda ambao nyanya zake zitadumu juani. Baada ya hapo huamua kupita kwenye jengo zuri au kwenye njia ya panya, na sidhani kwamba anayemhukumu kwa uamuzi wake amewahi kuuza kitu kinachooza.

Zaidi ya gharama, kuna ghafla. Tarehe 16 Mei 2020, Kenya ilipotangaza kufunga mipaka yake na Tanzania kwa watu kwa sababu ya korona na kuacha mizigo peke yake, ilikuwa Jumamosi. Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, ilikuwa Ijumaa, mkesha wa siku ya soko. Marufuku hiyo ilibadilishwa kuwa masharti baada ya siku chache, lakini mahindi yaliyokwisha kununuliwa kwa mkopo hayangoji siku chache. Hata upande wa Tanzania yapo ya namna hiyo: Oktoba 2017 vifaranga zaidi ya 6,000 kutoka Kenya walichomwa moto Namanga, mji mwingine wa mpaka huu, kwa hoja ya kuzuia homa ya ndege, na mwaka 2025 Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo za aina 15. Kila uamuzi una sababu zake, na nyingine ni sababu nzito. Sumu kuvu huua, na ugonjwa wa mlipuko hauulizi uraia. Ninachokipinga ni desturi ya kutangaza usiku jambo litakaloanza asubuhi, kana kwamba mpakani hakuna watu ila malori na madereva wake.

Ghafla hizi zina gharama ambayo haionekani katika takwimu za forodha. Mfanyabiashara anayejua kwamba kanuni inaweza kubadilika wakati wowote hawezi kujenga ghala, kuajiri kijana kwa mwaka mzima, wala kukopa benki kwa ajili ya kukausha mahindi yake vizuri, jambo ambalo ndilo lingepunguza hiyo sumu kuvu. Ananunua leo, anauza leo. Kisha huja mtaalamu kutoka mji mkuu na kuandika kwamba wafanyabiashara wa mpakani hawana mipango ya muda mrefu.

Maisha ya nyumbani nayo yamejipanga kuzunguka mstari huo. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo mtu wa Taveta anayekwenda kumzika mjomba wake Rombo anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya muda, ilhali Mkenya wa Busia huvuka kwenda Uganda kwa kadi yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, na mtoto wa baba Mtaveta na mama Mrombo anapofikia utu uzima huambiwa achague, kwa lugha ya kisheria, baina ya bibi zake wawili. Shule pia zinatofautiana: upande wa Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, upande wa Kenya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza, na wazazi huhesabu faida za kila upande kama wanavyohesabu bei ya sukari. Wengi wana laini mbili za simu na pochi mbili za fedha, moja ya shilingi za Kenya na nyingine ya shilingi za Tanzania, na hufanya hesabu ya kubadilisha kichwani haraka kuliko karani wa benki. Kinachonigusa ni kwamba katika haya yote lugha haikuwahi kuwa mpaka. Kiswahili kililetwa na misafara ile ile ya karne ya 19, na Mtaveta, Mchaga, Mpare, Mkamba na Mtaita husikilizana sokoni bila mkalimani.

Lipo jambo moja ambalo mpaka hauwezi kulipanga hata ukiwekewa jengo jipya, nalo ni maji. Lumi huanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, humwagilia migomba ya Taveta na kuingia Ziwa Jipe. Ziwa hilo pia hupokea vijito kutoka milima ya Upare, kisha hutoa Mto Ruvu unaoingia bwawa la Nyumba ya Mungu nchini Tanzania na kuendelea kama Pangani. Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkeno ya zamani, limekatwa na mstari wa mpaka kama chungwa, ingawa hulishwa na maji ya chini ya ardhi kutoka mlima huo huo. Jipe imekuwa ikizongwa na matete na kujaa tope linaloteremka kutoka mashamba ya pande zote mbili, na wavuvi wanalazimika kukata njia ndani ya majani ili mitumbwi yao ifike kwenye maji wazi. Nchi hizi zilitia saini hati ya makubaliano ya kusimamia pamoja maziwa hayo na Mto Umba mwaka 2013. Tope halikusubiri utekelezaji wake.

Nikiulizwa marekebisho yaanzie wapi, sitaanza na jengo jingine. Ningeanza na kanuni mbili ndogo zinazoweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Ya kwanza ni kwamba mkazi wa kata za mpakani, upande wowote, apewe kadi ya ukaazi itakayomruhusu kuvuka kwa miguu kwenda sokoni, shambani, hospitalini na msibani. Ya pili ni kwamba zuio lolote la bidhaa lisianze kutumika kwa mzigo mdogo kabla siku mbili za soko hazijapita tangu litangazwe sokoni penyewe, kwa Kiswahili, isipokuwa pale uhai wa watu au mifugo unapokuwa hatarini siku hiyo hiyo. Juma moja, yaani Jumatano moja na Jumamosi moja, linamtosha mwenye gunia kuliuza na mwenye deni kulilipa.

Suala la ardhi ni zito zaidi, na haliwezi kutatuliwa mpakani. Liko Nairobi, katika majalada ya mashamba ya mkonge, na Katiba ya 2010 ilikwisha kuipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za aina hii.